Kibuyu cha Mzee Ndolo

Stesheni ya Mombasa asubuhi hiyo ya mwaka wa hamsini na tatu ilijaa watu, makapu na kelele. Halima binti Yakub alishuka garini akimshika mkono shangazi yake, Mwanamkasi. Alivaa buibui jipya, na chini yake gauni la maua ya zambarau alilolishona mwenyewe kule Kitui. Shangazi alizaliwa mji huu lakini aliondoka angali mtoto, na sasa macho yake yalianza kuingia ukungu. Alitaka kuiona Mombasa mara moja tu kabla hayajazimika. Ndiyo maana Yakub, baba yake Halima, aliwaonya: "Msifuate mtu wa njiani. Kodini mtembeza wageni mwenye leseni."

Karibu na lango alisimama kijana mrefu, koti la kaki limepigwa pasi, beji ya leseni inang'aa kifuani. Aliwatazama, akamwambia mchukuzi wa mizigo kwa Kikamba, "Hao waache. Wanawake wa pwani hao, watabishana bei mpaka viatu vyangu vichakae."

Halima akamjibu kwa Kikamba hichohicho, "Mbona vimeshachakaa, kaka? Na sisi ni wa Kitui."

Mchukuzi alicheka mpaka akaangusha sanduku. Kijana aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Naitwa Muthama, kwetu Matiliku. Leo nitawatembeza bila kufungua mdomo."

"Mtembeza wageni asiyesema? Basi afadhali tukodi punda."

"Punda ni ghali kuliko mimi," alisema Muthama, na hapo shangazi naye akacheka.

Walimkodi muda wote waliokaa. Aliwaonyesha ngome kuu, ambayo wakati ule ilikuwa jela, na vichochoro ambako shangazi alicheza utotoni. Katika kila msikiti walikofika aliwaambia mlango wa wanawake uko wapi na viatu vinavuliwa wapi. Harufu ya soko la samaki ilipomwumiza Halima kichwa, Muthama hakuwapitisha huko tena. Halima aliona na jambo jingine. Muthama alitembea upande wa jua siku zote, ili kivuli chake kimwangukie shangazi. Hakulisema hata mara moja.

Siku ya mwisho shangazi alisinzia kwenye benchi. Muthama akasema taratibu, "Katika mji huu wote hakuna kitu kizuri kama wewe."

"Mwongo."

"Leseni yangu hainiruhusu kuwadanganya wageni."

"Kwani mimi bado ni mgeni?"

"Hapana," alisema Muthama. "Ndiyo maana naogopa."

Kule Kitui, duka la Yakub lilikuwa na simu. Halima alikuwa amemwachia Muthama namba yake, na Jumamosi baada ya kurudi ililia.

"Hallo? Naulizia leso nzuri," ilisema sauti.

Halima alimtazama baba yake aliyekuwa anapima sukari. "Imebaki moja tu, bwana."

"Niwekee, mpenzi wangu."

"Huwekewa anayekuja kuichukua."

"Nani huyo?" Yakub aliuliza.

"Mteja, baba."

"Mwambie aache maneno, aje dukani."

"Umesikia?" Halima alisema, akiuma midomo asicheke. "Baba anasema uje."

Mchezo huo uliendelea Jumamosi nyingi. Kisha siku moja sauti ya Muthama haikuwa na mzaha. "Halima, nimezungumza na sheikh wa hapa. Nitasilimu."

"Na mama yako?"

Kalunde, mama yake Muthama, alikuwa mjane na nguzo ya kanisa kule Matiliku. "Mama amesema nikifanya hivyo, nisije hata kumzika."

"Basi usifanye."

"Nimeshaamua, mpenzi. Wewe mwambie mzee wako."

Halima alimwambia baba yake. Yakub alikoroga chai mpaka ikapoa. "Anayeingia dini yetu ni mtoto wetu," alisema mwishowe. "Alete wazee wake."

Mzee kutoka kwao Muthama alikuja Ijumaa, watu wametoka msikitini, sebule imejaa wageni, sheikh mwenyewe yupo. Alikuwa mmoja tu, miguu imepauka kwa vumbi la mbali, anavuta mbuzi wawili kwa kamba. Alivua kofia, akaingia, akaweka kibuyu kikubwa katikati ya mkeka.

"Nini hiki?" aliuliza Yakub, ingawa harufu ilikuwa imekwisha kujibu.

"Pombe ya asali, mzee," alisema mgeni kwa unyenyekevu. "Ya kuomba msichana."

Hakupewa nafasi ya neno jingine. Alitolewa nje na mbuzi wake, na kibuyu kikafuata.

Usiku ule shangazi alimbembeleza Halima. "Pengine kijana hakujua, mwanangu."

"Hakujua?" Halima alilia. "Mtu aliyetuonyesha mpaka pa kuvulia viatu? Alijua. Ametucheka mbele ya watu."

Jumamosi simu ilipolia, Yakub aliinua na kusema, "Duka limefungwa." Mwezi huohuo alikuja kuposa Amin, mfanyabiashara wa Mwingi, mtu mpole. Halima mwenyewe, kwa hasira na aibu, alisema ndiyo.

Baada ya harusi, Amin aliamua kumpeleka mkewe Mombasa kupumzika. Walifika Makindu kungojea gari moshi, wakaingia hekalu la Makalasinga, ambako kila msafiri hulishwa bila kuulizwa dini. Amin alimletea Halima maji kabla yeye hajanywa, kisha akaenda kusali. Halima alipoinua macho kutoka kwenye sahani ya dengu, alimwona Muthama, koti lilelile, beji ileile.

Naye aliiona hina mikononi mwake. Alikaa mbali kidogo, kwa adabu.

"Ulinifanyia nini?" Halima aliuliza.

"Ndugu zangu wote waliogopa maneno ya mama," alisema Muthama. "Aliyekubali ni baba mdogo, Ndolo. Yeye hajui kanisa wala msikiti, anajua mizinga yake ya nyuki tu. Mimi nilikuwa kazini. Alirudi akaniambia mmekataa. Ya kibuyu nimeyapata juzi."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia aseme nitasilimu. Ya pombe sikuyafikiria. Alitembea kutoka Matiliku mpaka Kitui, Halima. Asali ile ndiyo nzuri kuliko zote alizonazo. Sasa kwa aibu hatoki nyumbani. Ndiko ninakokwenda."

Halima alifunika uso kwa buibui. Alimwona tena mzee yule akivua kofia mlangoni. "Nami sikungoja hata kukuuliza," alisema.

"Ukiniambia njoo..."

"Usiseme, Muthama. Mume wangu ni mtu mwema. Sina hata kosa la kumshika nalo."

Amin alirudi akikunja mikono ya kanzu. Aliiona beji, uso ukachangamka. "Kumbe ndugu ni mtembeza wageni! Mungu katuletea. Tunakwenda huko, na mke wangu angependa kutembezwa. Utatuchukua?"

Halima aliinamia sahani yake.

"Mimi naelekea nyumbani, bwana," alisema Muthama. "Mkifika, mwulizeni Kivuva langoni mwa stesheni. Ana leseni, na ni mwaminifu. Mwambieni asipitie soko la samaki. Harufu ile itamwumiza mama kichwa."

Amin alishangaa. "Umejuaje?"

"Wengi wa bara wako hivyo."

"Ahsante sana," alisema Amin, akampa mkono.

Gari moshi likapiga honi. Halima aliinuka, akajifunga buibui.

"Ahsante, bwana," alisema, kama mgeni yeyote, akamfuata mumewe.