Soseji za Wanzuki Zilizoniachia Ujane

Nina miaka thelathini na moja, mjane, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kawajense hapa Mpanda. Wasomaji wenzangu, msinihurumie haraka... huenda mkimaliza kusoma mtanilaani!

Mume wangu Gaspari alikuwa mlevi. Mlevi kwelikweli! Aliwahi kuuza godoro letu sisi tukiwa kanisani.

Mara akaacha. Miezi minne hakugusa hata tone! Nikadhani ni sala zangu. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Sibwesa, na kila asubuhi alimkorogea mwanawe uji kwa mkono wake. Hakutaka mtu aguse sufuria ile. Nikasema ni mapenzi ya mzazi. Kumbe!

Wakati huo nilikuwa nampikia mama mmoja wa Kizungu kule Sitalike. Alinifundisha kupika soseji na vitunguu kwenye pombe ya matufaha, taratibu, mpaka mchuzi uwe mzito. Aliniambia pombe ikichemka inakufa, unabaki utamu tu. Aliporudi kwao aliniachia paketi mbili za soseji.

Jumapili moja mashemeji walikuja kumpongeza Gaspari kwa kuacha pombe. Nami kwa kupenda sifa nikataka wajue mke wa Gaspari kapika kwa Wazungu! Lakini matufaha Mpanda hii ningeyatoa wapi? Nikanunua chupa moja ya wanzuki, pombe yetu ya asali, nikaificha chini ya kanga.

Nikaimimina yote juu ya soseji na vitunguu. Moyo ulikuwa unanikataza, jamani! Mama mkwe alikuja mara mbili kuuliza mbona nimefunga mlango wa jiko. Pua yake ilishakufa kwa ugoro, hakunusa kitu. Nikashukuru Mungu, mjinga mimi.

Mezani Gaspari alionja, akaacha kutafuna.

"Mama Agnesi, humu umetia nini?"

"Asali tu, Baba Agnesi."

Alinitazama... Mlevi wa zamani hadanganywi na wanzuki! Lakini akaomba sahani ya pili. Mashemeji wakacheka, eti leo mtu kanogewa.

Hata mikono hatujanawa, macho yakamwiva. Jasho likamtoka. Akashika kifua, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Mama mkwe akanikamata kanga: "Umemlisha nini mwanangu? Sema, wewe!" Nikarudia, asali. Mbele ya mashemeji wote wale ningesemaje?

Hospitalini daktari akatuuliza, amekunywa nini? Kuna dawa yoyote anatumia? Nikamtazama mama mkwe, naye akanitazama. Mimi nikasema amekula wali na soseji. Yeye akasema hatumii dawa. Daktari akauliza tena! Tukanyamaza wote wawili...

Kesho yake mchana Gaspari akakata roho.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa naosha mchele, mama mkwe akaja akapiga magoti mbele yangu. Akasema kwenye ule uji alikuwa anatia dawa ya mganga, ya kumwachisha pombe. Mganga alimwonya kwamba mtu akinywa pombe juu ya dawa ile atakuwa hatarini. Lakini yeye ni kiongozi wa akina mama wa jumuiya ya kanisa, angetajaje mganga mbele za watu? Nami nikamwambia habari ya wanzuki, ambayo kumbe haikufa yote jikoni. Tulilia mpaka sauti zikakauka. Nani amlaumu nani?

Sijui kama angepona. Ninachojua ni kwamba tuliulizwa mara mbili.

Wanawake wenzangu, nawasihi, msimtilie mtu kitu kwa siri kwenye chakula, hata kama ni kwa kumpenda! Na mkiulizwa, semeni. Aibu inapita, kaburi halipiti.

Wanangu tumewaambia baba yao aliuawa na malaria. Mkubwa yuko darasa la tano, anasoma kila karatasi inayoingia humu ndani, na hii pia ataisoma. Sitaificha. Agnesi mwanangu... haikuwa malaria. Ni mimi na bibi yako.