Kitanda Kisicholaliwa

"Karibu, Tunu," alisema mwongoza wageni, na Mwanabaraka akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Hakukuwa na mtu. Pale ukumbini walikuwa watatu tu: yeye, ami yake Mzee Jabiri, na huyo mwongoza wageni, mwanamume mwembamba aliyening'iniza kifuani kitambulisho chenye jina la Gaudens. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Jumatano. Jua la Mtoni lilikuwa limekaa juu ya mabati, na Barabara ya Kilwa ilikuwa ikinguruma kule nje kama kawaida yake. Tunu ni jina alilopewa na bibi yake utotoni, ndani ya nyumba hiyohiyo. Tangu bibi afariki, miaka ishirini na mbili iliyopita, hakuna aliyelitamka tena. Hata mumewe hakulijua.

"Umemwambia wewe?" alimnong'oneza ami yake.

"Nimwambie ili iweje? Labda kaliona kwenye makaratasi." Mzee Jabiri hakumtazama alipokuwa akijibu. "Twende, mwanangu. Tusimcheleweshe mtu na kazi yake."

Nyumba ilikuwa ya babu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbata aliyependa vitu vizuri kupita kiasi: vinyago vya mpingo, sahani za kale za kutundika ukutani, vioo vyenye fremu za nakshi, picha za rangi alizozinunua kwa wachoraji wenyewe kabla hawajajulikana. Wanawe nao wakaongezea vya kwao. Miaka miwili nyuma Mzee Jabiri, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai, aliikabidhi nyumba pamoja na vyote vilivyomo kwa taasisi moja ya utamaduni. Kuta zikapakwa chokaa upya, kamba nyekundu zikafungwa vyumbani, bango likasimamishwa getini, na nyumba ikawa makumbusho. Mwanabaraka, fundi cherehani wa Mbagala, hakuwa amekanyaga pale tangu siku hiyo. Wiki ile ami yake alimpigia simu mara tatu. Njoo tukatembee, alimwambia, ukaone urithi wa babu yako unavyoheshimiwa.

Mwanzoni Gaudens alieleza vizuri, kwa lafudhi yake ya Mahenge, huku akinyoosha kidole kwenye kila maelezo yaliyobandikwa. Walipofika chumba cha sahani akaacha kusoma.

"Hii yenye ufa aliivunja marehemu baba yako," alisema. "Alisingiziwa paka. Paka akapigwa mpaka akafa."

Mwanabaraka alisimama palepale. Kisa hicho alisimuliwa na baba yake mwenyewe, wakiwa wawili tu, wodini, siku chache kabla hajafa.

"Kaka, haya umeyatoa wapi?"

Gaudens alitabasamu kwa heshima na kuendelea mbele. Hapo ndipo Mwanabaraka alipoona kwamba hakuvaa viatu, na kwamba kila alipokanyaga aliacha alama ya unyevu kwenye sakafu, ingawa nyayo zake zilikuwa kavu, zimepasuka kwa ukavu. Halafu ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya asumini, tamu na nzito, kama ya chumba cha bibi harusi. Chini yake ilikuwapo harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Ami, husikii harufu?"

"Mie sisikii kitu." Shati la mzee lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Mkono wake ulikuwa kwenye bega la Mwanabaraka, na haukuwa mkono wa kumshika mtu kwa mapenzi. Ulikuwa ukimsukuma kidogokidogo kuelekea chumba cha mwisho.

Chumba hicho alikijua. Ndimo kilimokuwa kitanda cha Kihindi chenye miguu ya kuchongwa na ubao wa kichwani wa vioo vilivyochorwa maua. Alipokuwa mtoto hakuna aliyelala juu yake, wala mgeni, wala mgonjwa. Kila Alhamisi bibi alikitandika shuka mpya, akamwaga asumini juu yake, akaacha sinia la halua nyeupe na chupa ya marashi upande wa miguuni, akafunga mlango. Watoto wakiuliza, waliambiwa wanyamaze.

Sasa mbele ya kitanda kulikuwa na kamba nyekundu na kibao: TAFADHALI USIGUSE. Lakini shuka lilikuwa limetandikwa upya, limevutwa mpaka halina hata mkunjo mmoja, isipokuwa katikati, ambako palikuwa pamebonyea kama mtu amelala pale muda huohuo.

"Miaka miwili," alisema Gaudens, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke wa makamo, ya pwani, yenye maringo na hasira. "Miaka miwili sinusi udi wala sionji tamu. Wananijia na viatu vyao. Wananipiga picha. Watoto wananichezea kamba. Mie niliyekaribishwa nyumba hii kwa ngoma na machinjo, leo nimekuwa kitu cha kutazamwa."

Mwanabaraka alirudi nyuma akagonga kifua cha ami yake. Mzee hakusogea.

"Ami, tutoke."

"Msikilize kwanza," Mzee Jabiri alinong'ona. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nikiitoa nyumba nitakuwa nimemtoa na yeye. Kumbe kanifuata. Mkwe wangu mimba mbili zimeharibika. Mie mwenyewe usingizi nimeusahau. Anamtaka wa kwake, yule aliyeahidiwa na bibi yako."

"Aliahidiwa nani?"

Kabla mzee hajafungua mdomo, kumbukumbu ilimjia Mwanabaraka yenyewe: ana miaka saba, bibi amemwogesha kwa maji ya mawaridi, amemvika kanga mpya yenye harufu ya dukani, amemketisha ukingoni mwa kitanda kile, amesema maneno ambayo hakuyaelewa, na pembeni yake, mahali pasipo na mtu, godoro limebonyea polepole.

"Aliyeahidi ni bibi," alisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ingawa sauti ilitoka ndogo. "Bibi kafa. Mie hakuna aliyeniuliza."

Kinywa cha Gaudens kilicheka. Macho yake hayakucheka. Yalikuwa yamejaa machozi, yakimtazama Mwanabaraka kama mtu anayetazama kupitia tundu la mlango uliofungwa kwa nje.

"Tunu," sauti iliita.

"Itika tu, mwanangu," ami yake alimsihi sikioni. "Itika, yaishe. Hakuui. Bibi yako aliishi naye miaka arobaini."

"Tunu."

Alijaribu kusoma Ayatul Kursiy, na aya aliyoijua tangu madrasa ikamponyoka, akabaki na neno la kwanza tu likizunguka kichwani. Harufu ya asumini ikamwingia kooni mpaka akawa anaitafuna, na ile ya nywele zilizoungua ikawa inatoka kwenye nguo zake mwenyewe, na kelele za barabarani zikakatika kama mtu amefunga dirisha, na mkono wa ami yake ukamminya bega mpaka mfupa ukauma, na juu ya kitanda lile bonde la katikati likaanza kusogea kuja ukingoni, taratibu, kama mtu anayejisogeza ampishe mwenziwe nafasi ya kukaa, na sauti ikaita mara ya tatu, safari hii kwa upole, kwa sauti ya bibi yake hasa, ile ya kumwamsha asubuhi, na ulimi wa Mwanabaraka ukajiinua wenyewe kusema abee.

Aliuuma. Aliuuma mpaka meno yakakutana na kinywa kikajaa damu.

Chumba kilinyamaza. Uso wa Gaudens ulikunjuka, na kwa nukta chache ulikuwa uso wake mwenyewe, wa mtu mgonjwa aliyechoka.

"Dada," alisema kwa sauti yake ya kiume, harakaharaka, "mlango wa jikoni haujafungwa. Kimbia. Niache mimi."

Mwanabaraka hakumwacha. Alijipapatua kutoka kwenye mkono wa ami yake, akamkamata Gaudens kifundo cha mkono na kumvuta. Alikuwa mzito kama godoro lililolowa. Alimburura kupita sahani na vinyago, bila kugeuka, huku akitema damu kwenye sakafu iliyopigwa deki. Nyuma yao sauti ilikuwa sasa haina kinywa. Ilitoka kwenye kitanda chenyewe.

"Jabiri," iliita, kwa ile sauti ya bibi. "Jabiri mwanangu."

Na Mzee Jabiri, mtu mzima wa miaka sabini na moja, akaitika kama alivyoitika utoto wake wote.

"Naam, mama."

Mlango wa chumba ukajifunga.

Mlinzi wa getini aliuvunja baada ya nusu saa. Walimkuta mzee amelala chali juu ya kitanda, ndani ya kamba nyekundu, macho wazi, mikono kifuani. Alikuwa mzima. Ila viganja vyake na nyayo zake zilikuwa zimepakwa hina, nzito, bado mbichi.

Walijaribu kumtoa. Kila walipomfikisha getini alitokwa damu puani na kulia kwa uchungu mpaka majirani wakajaa, na wakimrudisha ndani ananyamaza. Mwisho wanawe walichoka. Taasisi nayo, iliyokuwa imepoteza mwongoza wageni, ilikubali mzee akae, kwa kuwa hakuna aliyevijua vile vitu kumzidi yeye. Wageni walimpenda. Walisema anaeleza kama aliyekuwapo.

Gaudens alitibiwa na Bi Naima, mganga wa Temeke, siku tatu mfululizo, kwa kombe la kunywa na mafusho. Siku ya tatu alitapika maji meusi yenye maua ya asumini ndani yake, akalala saa kumi na nne. Alipoamka aliomba chai. Mkewe, Felicitas, alilia kwa furaha, akafunga mizigo, na wiki hiyohiyo wakarudi kwao.

"Huyu nimeweza kumtoa kwa kijana wa watu," Bi Naima alimwambia Mwanabaraka. "Kumtoa kwenye ile nyumba siwezi, sikudanganyi. Walimleta wenyewe, wakamjengea. Na wewe anakujua. Sikiliza nikwambie: akikuita, usiitike. Aite kwa sauti ya marehemu baba'ako, aite kwa sauti ya nani, usiitike. Uende ukamwone anayeita kwa macho yako ndiyo ufungue mdomo. Na wa nyumbani kwako uwaambie hivyohivyo."

Mwanabaraka aliitika kwamba ameelewa. Lakini mumewe, Khalfani, alikuwa mtu wa kuyacheka mambo hayo. Alipoanza kumsimulia, alimtania kwamba labda jini lenyewe lilitaka kushonewa gauni. Mwanabaraka akakasirika, hakummalizia, hata lile onyo la kutoitika hakumwambia.

Simu zikaanza. Ami yake alimpigia kila siku baada ya makumbusho kufungwa, kwa sauti yake mwenyewe, akilia. Njoo siku moja tu, mwanangu, nipumzike. Siku moja tu. Mwanabaraka alimsikiliza, akakumbuka ule mkono begani, akakata. Hakwenda. Miezi minane hakwenda, na hakujutia hata siku moja.

Jumapili moja alasiri alikuwa jikoni anakamua nazi, na Khalfani, aliyetoka zamu ya usiku bandarini, amelala chumbani. Simu iliita, namba ya ami yake. Aliiweka kwenye spika kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na tui.

Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na mtu anavuta pumzi, halafu yule mwanamke.

"Mzee wenu kaisha," alisema. "Nimemaliza naye asubuhi. Nani anafuata?"

Mwanabaraka alikata simu kwa kiwiko. Alisimama katikati ya jiko, amefumba mdomo, ameubana kwa mkono wenye tui, akihesabu pumzi zake. Sitasema kitu, alijiambia. Siitiki. Aite mpaka achoke.

Kutoka sebuleni, mahali pasipokuwa na mtu, alisikia sauti ya mwanamke ikiita kwa mapenzi, bila haraka. Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, Mwanabaraka.

"Khalfani?"

Alifungua mdomo apige kelele, na kabla hajapiga, kitanda cha chumbani kililia, na mumewe akajibu kwa sauti nzito ya usingizi.

"Naam, mke wangu. Nakuja."