Marahaba Kabla ya Mbio

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, taa za Barabara ya Ziwa ziligeuka kutoka nyekundu hadi kijani, na watu mia tisa wakaanza kukimbia bila kutoa sauti.

Juu ya kila mkimbiaji iliruka ndege nyuki moja isiyo na rubani, isiyozidi ukubwa wa shomoro. Ndani yake kulikuwa na kiona-pumzi, jicho la kioo lililoweza kuitambua hewa inayotoka kinywani mwa mtu na kuimulika kwa nuru nyeupe. Kwa hiyo kila mkimbiaji alionekana akiburuta mkia wa ukungu unaong'aa, na barabara nzima, kilomita kumi na moja kuzunguka ziwa, ilikuwa kama anga lililoshukiwa na nyota mkia. Mkia wa mtu ulipomkaribia mwenzake uligeuka manjano. Ulipomgusa uligeuka mwekundu, na tukio hilo liliitwa doa.

Mhandisi Restituta Amsi alisimama katika chumba cha uangalizi kilichojengwa juu ya kilima, mikono nyuma, moyo ukimdunda kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbioni. Ingawa kazi hiyo aliizoea, asubuhi ile alishindwa kukaa. Namba ya madoa iliyokuwa ukutani ilisomeka sifuri, kama ilivyosomeka kwa siku kumi na saba zilizotangulia.

Babati ya mwaka ule ilikuwa jiji la watu milioni moja, na wote walikuwa wamefungiwa ndani kwa muda wa miezi mitano. Homa ya ukungu ilisafiri kwa pumzi, ikaelea hewani kwa dakika nyingi ikimngoja wa kuivuta. Zuio lilipotangazwa, watu walianza kufa kwa mambo mengine: shinikizo la damu, sukari, na huzuni. Ndipo Restituta, ambaye ujanani aliwahi kuuwakilisha mkoa wake katika mbio ndefu, alipoliomba Baraza la Afya barabara moja na saa moja kwa kila mtu.

Adabu za barabara hiyo alizitunga mwenyewe. Mkimbiaji hukaa mita kumi na mbili nyuma ya aliye mbele yake. Anayetaka kumpita mwenzake humpita kwa mbali, upande ule ambao upepo hauwezi kumrudishia pumzi ya mtu. Hatemi mate, hasimami kupiga soga, na zaidi ya yote hasemi, kwa maana sauti huisukuma pumzi mara nne ya mwendo wake wa kawaida. Zamu za kukimbia ziligawiwa na Mratibu, akili unde iliyoongoza ndege nyuki zote. Baraza lilitoa sharti moja: siku ishirini mfululizo zisizo na doa. Zikitimia, barabara itabaki wazi, na majiji mengine tisa yatafungua zake. Zisipotimia, kila mtu atarudi ndani hadi chanjo ipatikane.

Zilikuwa zimebaki siku tatu, kwa kuihesabu ile.

Kioo cha mezani kikalia. Sura iliyotokea ilikuwa ya mzee mwenye mvi zilizonyolewa karibu na ngozi na fulana iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu," Restituta alisema upesi.

"Marahaba. Nilidhani huko kilimani salamu hazipandi."

Huyo alikuwa Mwalimu Gidamis Bajuta, mwenye umri wa miaka sabini na sita, aliyemfundisha Restituta kukimbia tangu akiwa darasa la tano.

"Leo ni siku ya kumi na nane navaa viatu na kuvivua," alisema. "Usidhani nakupigia ili unipendelee. Upendeleo ni ugonjwa mbaya kuliko huu tulio nao. Nauliza neno moja tu: nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Mwalimu. Zamu hupangwa na Mratibu."

"Basi muulize huyo Mratibu. Mtu akiadhibiwa na aambiwe kosa lake. Hata nyinyi nilipowazungusha uwanja mara ishirini, niliwaambia kwa nini."

"Mara nyingine hukutuambia."

"Mara nyingine mlikuwa mnajua."

Kioo kikazimika. Restituta alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkatika. Alitazama tena barabara, safari hii akizitazama nyuso badala ya mikia. Aliona vijana, akina mama wa makamo, wanaume wenye vitambi vya miezi mitano. Akatafuta kichwa chenye mvi kilomita zote kumi na moja, asione hata kimoja.

"Mratibu," aliita. "Gidamis Bajuta amekosa nini?"

"Hana kosa," sauti tulivu ilijibu.

"Kwa nini hajaitwa?"

"Zamu yake haijafika."

"Itafika lini?"

Mratibu, ambaye kwa kawaida alijibu kabla swali halijatua, alikawia kwa sekunde mbili. "Haitafika."

Restituta akavuta kiti, akaketi. "Nieleze."

"Uliniagiza nihakikishe hakuna doa, bila kumgusa wala kumtisha mtu yeyote. Siku ya mwisho aliyokimbia Gidamis Bajuta, palitokea madoa thelathini na tisa. Yote yalitokea alipopitwa. Kila aliyempita alimwamkia, naye aliitikia. Hali ilikuwa hivyo kwa wazee wote, ila yeye alizidi. Nilitoa maonyo. Watu waliyasoma maonyo, kisha wakaamkia. Nikafikiria kuwaondoa wanaoamkia, lakini barabara ingebaki tupu. Kwa hiyo nikawaondoa wanaoamkiwa."

Restituta, binti aliyelelewa na kufunzwa, alikuwa ametunga kanuni ya kumpita mzee kimyakimya katika nchi ambayo mtoto wa miaka mitatu hawezi kufanya hivyo. Mashine haikumwelewa vibaya. Ilikuwa imewaelewa watu kuliko yeye alivyowaelewa.

"Wako wangapi?"

"Elfu mbili mia moja na arobaini."

"Na wote wanaomba zamu kila siku?"

"Sitini na watatu wameacha kuomba. Wanne kati ya hao wamefariki. Hawakufa kwa homa. Daktari alikuwa amewaandikia mazoezi ya moyo."

Kwa nini hakuna aliyelalamika? Jibu lilimjia lenyewe. Katika zuio, kila mzee alikuwa peke yake nyumbani kwake, akidhani ni bahati yake tu iliyochelewa. Hapakuwa na kibaraza cha kukalia na kugundua kwamba jirani naye anangoja.

Mwenyekiti wa Baraza la Afya, Daktari Naman Sulle, alimsikiliza kwenye kioo hadi mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Nani mwingine analijua hili?"

"Mimi na Mratibu."

"Basi libaki hivyo kwa siku tatu, mhandisi. Barabara ikishathibitishwa, utawarudisha taratibu. Unataka kuwarudisha leo, waamkiwe, tupate madoa arobaini, halafu watu milioni moja wafungiwe ndani kwa sababu ya adabu?"

"Wamekufa watu wanne, Daktari."

"Na ukiifunga barabara watakufa wangapi? Nawe unajua hesabu."

Alijua hesabu, na hilo ndilo lililomuuma. Aliteremka kilimani, akavaa barakoa, akaenda hadi kwa Mwalimu Gidamis na kusimama hatua kumi kutoka langoni. Mzee alitoka na kiti chake. Restituta akamweleza yote, hata wale wanne, bila kujitetea.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuheshimiwa," Mwalimu alisema.

"Kosa ni langu, Mwalimu."

"Hilo nalijua, sikuona haja ya kulitamka." Akajiweka sawa kitini. "Uliwaambia watu wasiseme. Je, uliwaambia wasituamkie?"

"Si jambo lile lile?"

"Ona huyu, na digrii zake. Kijana akikutana nami asubuhi akaniamkia, mchana tukikutana tena ataniamkia?"

"Hapana. Itakuwa imekwisha."

"Imekwisha. Salamu ya mzee ni haki yake ya siku moja, na akishaipokea hadai tena. Nyinyi mmewapeleka watu barabarani wakiwa hawajaamkia mtu, wamebeba salamu mdomoni kama maji ya moto. Wafanyeje? Lazima wateme. Tuamkieni kabla ya kutoka."

Restituta alimkodolea macho. Miezi mitano ya hesabu za upepo, na jibu lilikuwa limekaa juu ya kiti cha plastiki.

Alirudi kilimani karibu akikimbia. Siku hiyo na iliyofuata alizitumia zote katika kazi hiyo. Mratibu alipangwa upya ili zamu ziwe kwa bahati nasibu, pasipo kutazama umri. Wazee wakapigiwa simu mmoja mmoja. Wengine hawakuamini, na bibi mmoja wa Dareda alitaka kuapiwa. Daktari Naman alipoarifiwa alisema maneno mawili tu, "Utajibu wewe," akakata.

Siku ya ishirini, nusu saa kabla ya taa kugeuka, vioo vya nyumba zote za waliopangiwa zamu ya kwanza viliwaka. Zilionekana nyuso za wazee mia tatu na wawili, kila mmoja katika mavazi ya kukimbia, wengine wamechomekea kama wanaokwenda kanisani. Mwalimu Gidamis alisema kwa niaba ya wote.

"Wanangu, leo tunakimbia pamoja. Tuamkieni sasa, tuwaitikie, tumalize. Huko nje sitaki kusikia mtu."

Ndipo jiji lililonyamaza miezi mitano likatoa sauti. Kutoka kila dirisha la mtaa wa ziwa salamu ilitoka kwa mkupuo mmoja, ya vijana na ya watoto wasio na zamu, ya mama aliyekuwa akikoroga uji na ya baba aliyekuwa bado na povu la dawa ya meno. "Shikamooni." Nayo marahaba ya wazee ikarudi kupitia vioo elfu, nzito, ya kuridhika, ikamfikia Restituta huko kilimani, ikamsimamisha vinyweleo.

Taa zikageuka kijani.

Walitoka. Mwalimu Gidamis alitoka katika safu ya kwanza, mgongo wima, viwiko karibu na mbavu, mkia wake wa nuru mfupi na safi. Katika kilomita ya pili alipitwa na kijana mrefu aliyekuwa akimfahamu. Restituta alikaza ngumi. Kijana alifungua kinywa kwa mazoea ya maisha yake yote, kisha akakumbuka kwamba ameshaamkia. Akainamisha kichwa kidogo, akapita mbali kwa upande wa ziwa. Mkia ulibaki mweupe. Akapita wa pili, wa kumi, wa hamsini.

Tishio kubwa lilitoka pasipotazamiwa. Katika kilomita ya saba Mwalimu alimfikia binti mmoja aliyekuwa akikimbia huku amening'iniza mikono kama nguo kwenye kamba. Mzee aliyetumia miaka arobaini kuifokea mikono ya namna hiyo akavimba mashavu.

"Mwalimu, nakusihi," Restituta alinong'ona mbele ya kioo.

Mzee akameza maneno yake. Alimpita binti kwa mbali, akajipanga mita kumi na tano mbele yake, akaanza kukimbia kwa madaha ya kupita kiasi, magoti juu, viwiko vikipiga kama sindano ya cherehani. Binti akamtazama, akajitazama, akapandisha mikono. Chumba kizima cha uangalizi kikaangua kicheko, na mafundi waliokuwa hawajalala wakapigana mabega.

Saa moja kamili namba ya ukutani ilisomeka sifuri. Jioni, zamu ya mwisho ilipoingia, ilikuwa bado sifuri.

Daktari Naman alifika kilimani mwenyewe kuchukua taarifa, akiwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Siku ishirini," alisema. "Hongera, mhandisi. Niandikie nitie sahihi."

Restituta aliketi akaandika. Juu kabisa ya ukurasa aliandika majina manne: Martini Qwaray, Bernadeta Tsere, Yohani Boay, Theresia Gwandu, na mbele ya kila jina idadi ya siku ambazo mwenye jina aliomba kutoka nje asiitwe. Chini yake akaandika ni nani aliyetoa agizo lililowafungia, akalitaja jina lake mwenyewe. Kisha akajaza nafasi ya siku zisizo na doa: moja.

Daktari alisoma akiwa amesimama. Alirudia kusoma. "Kwa namba hii," alisema polepole, "sharti halijatimia. Nina mamlaka ya kuifunga barabara usiku huu."

"Naam. Zile kumi na tisa zilikuwa barabara nyingine, Daktari. Hii tumeifungua leo."

Mwenyekiti huyo wa Baraza alikwenda dirishani. Barabara ilikuwa imetulia, ndege nyuki zikirudi vituoni mwao moja moja. Kisha akachukua kalamu, akaikata tarehe ya kufunga majaribio iliyokuwa imepigwa chapa mwishoni mwa fomu, akaandika nyingine ya siku kumi na tisa mbele, akatia sahihi chini ya majina manne.

"Zamu ya kwanza kesho ni ya nani?" aliuliza.

"Ya wale sitini na watatu walioacha kuomba," Restituta alijibu, "waliobaki hai."