Mdhamini wa Boriti

Mashine iliyoitwa Mshonachuma haikuhitaji mtu. Mikono yake sita iliokota mabamba matatu ya chuma, ikayasimamisha kwa umbo la boriti na kuyabana, kisha ndimi mbili za moto mweupe zikapita pande zote kwa pamoja, zikiacha nyuma mshono mnene. Boriti ya mita kumi na nane ikapita kwenye magurudumu ya kuinyoosha, na kabla haijapoa nyingine ilikuwa njiani. Dakika tisa tu. Zamani, hapahapa katika jiji la Liganga, wachomeleaji wanne walimaliza siku nzima kwa boriti moja.

Scholastika Haule alikuwa mmoja wao. Sasa kazi yake ilikuwa kusimama.

Chama cha wachomeleaji kiliacha sheria moja: boriti ya kwanza ya kila shehena ikijaribiwa, aliyeichomelea asimame chini yake dakika kumi. Ilikuwa sheria ya watu walioijua mikono yao. Mashine zilipokuja, hakuna aliyejisumbua kuifuta. Kiwanda kikaajiri watu wa kusimama tu, kikawaita wadhamini. Walichokidhamini hakuna aliyewaeleza, ila mdhamini aliyekataa hata mara moja alifukuzwa kazi.

Miaka sita Scholastika alisimama bila neno. Asubuhi hii alichukua nyundo ndogo, akaigonga boriti mita kwa mita. Ililia vizuri hadi karibu na katikati, hapo ikatoa mlio wa chungu chenye ufa.

Injinia Ezekia Mtweve, msimamizi wa majaribio, alikuja na kibao chake cha kuongozea mashine.

"Shikamoo mama. Mbona hujaingia?"

"Marahaba. Leo sisimami. Mshono haujashika hapa katikati. Mmeongeza mwendo?"

"Tangu Jumatatu. Daraja la reli linatungoja. Lakini jicho la mashine limekagua mshono wote, limeandika salama."

"Jicho linaona juu. Mimi nimesikia ndani."

"Mama, ukikataa unajua kitakachofuata. Usiniweke pabaya."

"Basi simama wewe!"

Alitaka kumtisha tu. Wakubwa wa kiwanda hawakuwahi kuuvuka mstari wa njano uliozunguka eneo la majaribio. Lakini Ezekia hakuwa mwoga wala mnafiki, na hilo ndilo lililomponza. Aliiamini ile mashine kwa moyo wake wote. Akaingia chini ya boriti, akabonyeza kibao.

"Mdhamini mmoja yupo," ilisema Mshonachuma. "Tani ishirini."

Jeki kubwa zikaanza kukandamiza kutoka juu. Scholastika alibaki nje ya mstari, akijilaumu kwa ulimi wake. Tani arobaini. Ezekia akamtabasamia. Tani sitini. Magamba ya mshono yakaanza kumdondokea begani.

"Toka, mwanangu!"

"Bado inasema salama!" Akakiinua kibao amwonyeshe.

Tani sabini. Chuma kikatoa mlio ambao Scholastika alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, siku boriti ilipomwangukia na kumuua mwenzake. Hakungoja. Akautupa mwili wake wote kwa Ezekia, akamsukumia nje. Mshono ukafumuka, bamba la chini likabanduka na kumwangukia Scholastika mguuni.

Watu walikuja mbio. Ezekia alikuwa amepiga magoti, akilivuta bamba kwa mikono mitupu huku analia. "Nisamehe mama, nisamehe." Chini ya goti, Scholastika hakuhisi kitu.

Mshonachuma ikatangaza kwa sauti yake ya upole: "Jaribio limesitishwa. Kasoro moja: wadhamini wawili chini ya boriti badala ya mmoja. Jaribio litarudiwa kwa boriti inayofuata. Andika jina la mdhamini."

Ezekia aliitazama nafasi tupu kwenye kibao. Kila jina alilolijua lilikuwa la mtu mwenye watoto, au mwenye mama.

"Sheria inasema aliyechomelea," Scholastika alisema, mguu ungali chini ya bamba. "Andika aliyechomelea."

Ezekia akaelewa. Akaandika: Mshonachuma.

Mikono sita ikasimama hewani. Waliokuwa wakiliinua bamba wakageuza vichwa.

"Jina limekataliwa," ilisema mashine. "Mshonachuma ni mali ya thamani, hairuhusiwi kuhatarishwa. Andika jina la mtu."