Jukwaa la Pili ni Salama

Siku ya tatu tangu ahamishiwe stesheni ya Hinokizaka, Chizuru Hatori alinyoosha kidole kuelekea mwisho wa jukwaa la pili, akatamka kama kazi inavyodai, "Nyuma, salama!" Kutoka kule kule alikoonyesha, sauti ya mwanamke ikamrudia taratibu: "Salama?"

Hakukuwa na mtu.

Kazi ya mhudumu wa jukwaani ndiyo hiyo. Kabla treni haijaondoka anaangalia, ananyoosha kidole, anasema kwa sauti alichokiona. Jicho, kidole na mdomo vikubaliane, na bila neno lake dereva hagusi kitu. Ila jaribu kulisema neno hilo mara mia mbili kwa siku, miaka thelathini, halafu uniambie kama mdomo wako bado unalingoja jicho.

Hinokizaka iko mwisho wa mji, chini ya kilima cha mierezi. Juu yake kuna maghorofa ya rangi ya uji, duka la tofu, baiskeli zilizoota kutu na hekalu dogo. Mchana abiria hawafiki kumi. Chizuru aliipenda kwa sababu moja tu: mama yake, Bi Tomie, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa akija kila siku kuoga kwenye bafu la umma lililo karibu na hekalu, na saa kumi na dakika tano alasiri alipanda treni ya kurudi nyumbani. Mume wa Chizuru alishaondoka, baba yake alishakufa. Alibaki na huyo bibi mwenye mdomo mkali, basi.

"Umekonda, mwanangu," Bi Tomie alimwambia jukwaani. "Hiyo sare ndiyo imekuvaa wewe."

"Mama, watu wanasikia."

"Watu gani? Hapa kuna mimi na yule dada wa pale mwisho."

Chizuru aligeuka, akamwona. Mwanamke wa koti la kijivu alikuwa amesimama amewapa mgongo, mkono mmoja umenyooka kuelekea handakini, reli inakoingia chini ya kilima, na koti limekazika begani kana kwamba kuna kitu kilikuwa kinamvuta. Ilisikika harufu ya breki zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo, nywele. Chizuru alipopepesa macho, mwanamke hakuwapo.

Alipanda ngazi hadi getini, kwa mkuu wa stesheni, Bwana Kuramochi. Huyu alikuwa mtu nadhifu, glavu nyeupe kila siku, sauti nzuri ya kusifiwa na wakaguzi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kushuka jukwaani hata kuokota karatasi.

"Mkuu, kule chini kuna mwanamke wa koti la kijivu."

Kuramochi alifunga dirisha la kibanda chake kwanza. "Hujaona kitu, Hatori."

"Nimemwona. Na anaongea."

"Waliokutangulia sita walimwona pia. Watano wakaomba uhamisho." Wa sita hakumtaja. "Wewe sema salama, treni iondoke. Si kazi ngumu."

Mimi huyu mzee simwonei huruma, nasema mapema.

Wiki iliyofuata Bi Tomie alirudi kutoka bafuni akijisugua kifundo cha mkono. "Yule dada ana mikono baridi, maskini. Leo kanishika. Nikamwambia, dada, huo mkono au barafu? Hata hakucheka. Anauliza tu, 'Mama, wananiona?'"

Kwenye kifundo kulikuwa na alama nne nyeusi za vidole. Maji ya moto na sabuni havikuzitoa.

Tangu hapo, kila Chizuru alipomwona yule mwanamke karibu na mama yake alipaza sauti, "Kuna mtu!" na kusimamisha treni. Dereva alishuka, akakuta bibi mmoja anayemtazama kwa mshangao. Mara ya tatu Chizuru akapewa onyo. Ndipo alipopanda kilimani kwa Kuhani Ozeki wa hekaluni, ambaye alishuka na chumvi yake, akainyunyiza mwisho wa jukwaa, na wote wawili wakaitazama chumvi ikilowa, ikawa nyeusi.

"Huyu hatolewi na chumvi," kuhani alinong'ona. "Alikufa hapa, na kuna mtu alisema salama. Mdomo ule ule lazima umwangalie useme kuna mtu. La sivyo ataondoka yeye, na huyo aliyemshika ndiye atakayebaki mahali pake."

Chizuru alipiga magoti kibandani. Kuramochi akalia kabla hajaulizwa.

"Nilikuwa natazama saa," alisema. "Koti lake lilibanwa mlangoni, na mimi nikasema salama. Nilimsikia akiburutwa, Hatori. Mpaka ndani ya handaki nilimsikia."

"Basi shuka ukaseme kweli. Leo, mkuu. Nakuomba, sina mwingine isipokuwa mama."

"Nitashuka."

Na alishuka kweli. Chizuru alikuwa amemfungia mama yake nyumbani asubuhi ile, ufunguo uko mfukoni mwake, lakini saa kumi ilipofika Bi Tomie alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa la pili, peku, mkono wake umeshikwa na yule wa koti la kijivu, na Chizuru alipokimbia akamkumbatia kiunoni na kumvuta kwa nguvu zake zote, alikuwa kama anavuta nguzo, wala hakubakiwa na pumzi ya kupaza sauti, na treni ikaingia, milango ikafunguka, hakushuka mtu, milango ikajifunga juu ya mkono wa lile koti, na kule mwanzo wa jukwaa Kuramochi akageuka, akawaona wote watatu waziwazi, machozi yanamtiririka, akainua glavu yake nyeupe, akanyoosha kidole moja kwa moja hadi usoni mwa Bi Tomie, akavuta pumzi, na mdomo wake, kwa ile sauti nzuri ya kusifiwa na wakaguzi, ukasema:

"Nyuma, salama!"

Dereva alisikia neno lake, akaondoa treni.

"Niachie, utaanguka," Bi Tomie alisema, akamsukuma binti yake kifuani kwa mkono uliobaki huru. Hilo ndilo jambo la mwisho alilomfanyia.

Kuramochi alianguka pale pale. Kiharusi, walisema hospitalini. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakamtoka, hata jina lake na la mkewe. Yule wa koti la kijivu hakuonekana tena, na Kuhani Ozeki alipokuja hakukuta tena ile harufu ya breki zilizoungua.

Chizuru hakuomba uhamisho. Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, humchukua Kuramochi kwenye kiti cha magurudumu, humshusha kwa lifti hadi jukwaa la pili, na saa kumi na dakika tano humkamata ule mkono uliokufa na kuunyoosha kwa ajili yake. Pale mwisho amesimama bibi mmoja peku, amewapa mgongo, mkono umenyooka kuelekea handakini.

"Mwangalie, mkuu. Sema kuna mtu. Maneno mawili tu."

Mzee huangalia. Huona, hilo halina shaka, kwa sababu hutetemeka mpaka kiti kinagongagonga. Hujitahidi mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Lakini katika maneno yote aliyowahi kuyajua, kiharusi kilimwachia moja, na hulitamka vizuri, bila kigugumizi.

Treni huondoka, na Chizuru humsikia mama yake akiburutwa mpaka ndani ya handaki. Jumapili inayofuata humleta tena.