Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Komeo la chumba cha marehemu lilianza kujifunga kwa ndani. Kila alasiri Dada Mkubwa, aliyemuuguza baba yake hadi pumzi ya mwisho, aliukuta mlango umeshikwa, naye hakuwa na nguvu za kushangaa. Alidhani mbao zimevimba kwa unyevu. Kisha ikaja harufu ya gundi, kwa kuwa baba alikuwa fundi viatu, na nyuma ya harufu, nyundo ndogo ikigonga soli taratibu.

"Baba hajatulia," alimnong'oneza mdogo wake, ambaye wote walimwita Kibiriti kwa wepesi wake wa kuwaka.

"Alipokuwa hai hakuchapa kazi hivyo, dada," Kibiriti alijibu.

Nyumba hiyo ndiyo paa pekee alilokuwa nalo Dada Mkubwa. Baba alilijua hilo, akamwendea wakili na kuiundia familia udhamini, chombo cha kisheria cha kushikia mali, ili atakapofumba macho nyumba ipitie kwa mdhamini hadi kwa binti yake bila kuzungushwa mahakamani. Wakili alimsisitizia aende ofisi ya ardhi, hati ihamishwe kutoka jina lake kwenda kwenye udhamini, na pia aandike wosia wa kuokota chochote kitakachosahaulika. Mzee aliahidi kwenda kesho. Kesho zake ziliishia kitandani. Baada ya maziko wakili aliwaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo kwa wengi, kwamba udhamini wao ni sanduku zuri lisilo na kitu ndani. Nyumba bado ilikuwa ya marehemu, na njia iliyobaki ilikuwa kufungua mirathi mahakamani.

Wakamwita mganga. Alinusa mlangoni, akatikisa kichwa. Aliwaambia baba yao hayumo. Huyu alikuwa jini aliyeikuta nyumba haina mwenyewe, akaivaa harufu ya mzee kama mtu avaavyo koti lililosahauliwa msumarini. Dawa yake nyepesi, alisema: mwenye nyumba asimame hapa, amwamuru atoke.

Ndugu wakatazamana. Kibiriti akajaribu, nyundo haikukosa hata pigo moja. Dada Mkubwa akasogea, akaweka kiganja juu ya ubao uliokuwa na joto kama shavu la mwenye homa, na huku nyundo ikipunguza mwendo, na harufu ya gundi ikikolea hadi ikawa ya nywele zinazoungua, na kitu upande wa pili kikiuegemea mlango kwa uzito sawasawa na wake, akasema, "Toka nyumbani kwangu."

"Kwako, mwanangu?" sauti ya baba iliuliza kwa upole. "Tangu lini?"

Mganga alikuwa ameshakunja mkeka wake. "Nileteeni mwenye nyumba," alisema, asigeuke.

Basi Dada Mkubwa akafuata foleni na tarehe za mahakama, hadi ikafika siku ya kuthibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi. Karani akamwita pembeni, akamwarifu kwamba kuna pingamizi.

"La nani? Mdogo wangu ameridhia."

"Siye, mama. Ni mzee mmoja mpole, ananuka gundi. Anasema anaishi humo." Karani akapiga mwayo. "Nilimwambia mambo haya huchukua miaka. Akasema hana haraka, akakaa hapo kukusubiri."

Benchi lilikuwa tupu. Dada Mkubwa akaketi. Ubao ulikuwa bado na joto.