Lugha ya Kisimani

Mume wa fundi cherehani aliomba maji mchana kweupe, kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha.

"Fiwe zolu," alisema, amesimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea vyuma.

Mkewe alicheka. Lugha ile waliitunga yeye na mdogo wake utotoni, katika nyumba hii hii. Kitendo kilikaa mwisho, wingi ulikuwa kurudia neno, na swali liliulizwa kwa kuvuta pumzi ndani. Kila neno jipya walilinong'ona kwanza kwenye kisima kikavu cha uani, ndipo likawa halali kutumika. Baba yao alikuja kukifunika kwa bamba la chuma, wasije wakatumbukia.

"Umemfundisha shemeji yako?" alimuuliza mdogo wake, aliyekuwa akikata kitambaa mezani.

"Sijamfundisha, dada," yule alijibu kwa sauti ya chini. "Mbona ananuka kutu hivi?"

Asubuhi ile mume alikuwa amelibandua lile bamba ili akate kipande cha kumalizia geti la mteja. Mtu mbishi yule, alishaambiwa aliache.

"Sume?" aliuliza, akivuta pumzi. Alitaka neno jipya. Dada wote wawili hawakumpa, naye akainyanyua cherehani kwa mkono mmoja, akaibamiza ukutani. Mdogo akabuni neno upesi, lolote lililomjia, na mume akatulia. Kisha akauliza tena, na tena, hadi maneno yakamwishia binti wa watu, na hapo alimvunja mkono.

Mganga aliitwa, akaja na mkoba wake na maringo yake. Alifukiza, akasoma, akaamuru. Jini lililompanda mume lilimsikiliza kidogo, kisha likamng'ata sikio na kulitema ndani ya chetezo.

"Halielewi maneno yangu," mganga alinong'ona akirudi kinyumenyume, damu ikimchuruzika shingoni. "Linajua yenu tu. Liulizeni linataka nini." Akatoka mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine peku.

Mke akavuta pumzi, akauliza. Jibu lilitoka kooni mwa mumewe bila midomo kutikisika, nalo lilikuwa refu: kwamba lilikuwa kule chini siku zote likipokea maneno yao, na halikuwahi kupewa lugha nyingine, na walipokua wakaacha kuja likabaki halina wa kusema naye, na sasa lilitaka mmoja wao ateremke akalitungie mengine, la sivyo litaupasua mwili huu, na lilipokuwa likisema hivyo mishipa ya shingo ya mume ilikuwa ikivimba na damu ikimtoka puani na masikioni, ikidondokea vitambaa vya wateja.

"Dada, tuite watu," mdogo alisema.

"Atakufa kabla hawajafika."

"Dada."

Tuseme ukweli, alimpenda mumewe kuliko mtu yeyote. Aliinua kidole, akamwonyesha mdogo wake, akatamka neno la kuchukua. Mdogo alilielewa, alikuwa amelibuni yeye mwenyewe. Jini lilimkamata nywele likamburuta, naye akashika meza, akashika kiti, akashika kizingiti hadi kucha zake zikabaki kwenye mbao, akimwita dada yake kwa lugha zote mbili, mpaka uani, mpaka ukingoni, na aliyebaki juu alikuwa mume peke yake, amelala kifudifudi akihema.

Alipozinduka hakukumbuka kitu. Mkewe alimpa maji, akamfuta damu, akamkokotea mtungi wa gesi na kipande kingine cha bamba.

"Kizibe kisima."

"Leo hii? Kichwa kinaniuma."

"Sasa hivi, mume wangu."

Alilalamika, akavaa miwani, akaanza kuchomelea. Alipofika nusu alizima moto, akainamisha sikio.

"Kama namsikia shemeji mle chini. Anaongea mfululizo, sijui lugha gani."

"Shemeji yako amesafiri," mkewe alisema. "Maliza upande huu."